SSD au diski ya kuzunguka: upime nini kabla ya kuweka seva ndogo nyumbani

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi chetu kuhusu kutunza picha na sauti za familia, simu ya studio iliita mfululizo. Wengi walitaka kujua flashi nzuri ya kununua. Msikilizaji mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ambaye kazi yake ni kupiga picha na video za harusi, alikuwa na swali tofauti. Alisema: "Dada, nimechoka kununua diski za nje kila msimu wa harusi na kuzijaza kwenye droo. Nataka niweke seva ndogo nyumbani, mimi na vijana wangu wawili tuitumie. Fundi mmoja ananiambia niweke SSD, mwingine anasema SSD ni kutupa hela. Nimsikilize nani?"

Muda wa hewani ulikuwa umekwisha, nikamwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi. Makala hii ndiyo jibu lake, na la wengine wenye swali kama lake.

Swali lenyewe lilinigusa kwa sababu yangu binafsi. Mwaka 2019 nilikuwa na diski moja ya nje iliyobeba mahojiano yangu ya miaka minne. Humo ndani kulikuwa na saa mbili na nusu za sauti ya babu yangu, aliyekata mkonge tangu ujana wake, akieleza maisha ya kambini, mshahara wa siku na nyimbo za kazi. Jioni moja niliuvuta waya wa chaja bila kuangalia, diski ikaanguka kutoka kwenye meza fupi ya sebuleni ikiwa inafanya kazi. Nilipoichomeka tena ilianza kugonga: tak, tak, tak. Fundi aliokoa baadhi ya picha. Sauti ya babu haikupatikana, na babu mwenyewe alikuwa ameshafariki miezi saba kabla.

Kwa hiyo nikizungumzia diski, sizungumzii kasi peke yake. Nazungumzia vitu ambavyo ukivipoteza, hakuna duka linalouza vingine.

Seva ndogo ya nyumbani ni nini?

Ni kompyuta ndogo inayowaka muda wote, imeunganishwa na rauta yako, na simu na kompyuta zote za nyumbani zinapeleka na kuchukua mafaili humo. Mafaili yakisafiri ndani ya nyumba hayali bando, ndiyo maana wengi wanaipenda kuliko kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi.

Watu wanaitengeneza kwa njia kadhaa. Wapo wanaonunua kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene kama Lenovo ThinkCentre Tiny. Wapo wanaotumia kidude cha Raspberry Pi. Na wapo wanaonunua kisanduku maalumu chenye nafasi mbili au nne za diski, kama vile vya Synology. Vyote vinafanya kazi. Tofauti inayotuhusu leo ni kile kinachowekwa ndani yake.

Diski mbili, tabia mbili

Diski ya kuzunguka, ambayo mafundi wanaiita HDD, ina sahani za duara zilizopakwa madini yanayoshika sumaku. Sahani hizo zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinapita juu yake kusoma na kuandika. Waliowahi kuona santuri watapata picha, ila hapa kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali mdogo sana, mdogo kuliko chembe ya vumbi. Ndiyo maana diski yangu ilipoanguka ikiwa inazunguka, mambo yaliharibika papo hapo.

Teknolojia hii ni ya zamani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wa kabati, na ilibeba herufi milioni 5 tu, kiasi ambacho leo ni picha moja au mbili za simu. Siku hizi diski moja unayoishika mkononi inaweza kubeba zaidi ya terabaiti 20.

SSD haina kitu kinachozunguka. Ndani kuna chipu zinazohifadhi data kwa kunasa chaji za umeme, ndugu wa zile zilizomo kwenye flashi na simu yako. Msingi wake ni kazi ya mhandisi Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kichwa cha kusogea, kulifikia faili kunachukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, wakati HDD inahitaji karibu milisekunde 10.

Hapo mtu atasema basi jibu limepatikana, SSD imeshinda. Subiri kidogo.

Kasi: bomba ni jembamba kuliko tangi

SSD ya kawaida ya inchi 2.5 inasoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Zile bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, ziitwazo NVMe, zinafika maelfu. HDD ya inchi 3.5 inatoa kati ya megabaiti 150 na 250 ikiwa inasoma faili kubwa moja kwa mfululizo.

Lakini seva inakufikia kupitia waya wa mtandao. Tundu la rauta la gigabiti 1 linapitisha karibu megabaiti 110 kwa sekunde, basi. Kama rauta yako ina matundu ya megabiti 100, na zipo nyingi za namna hiyo majumbani, utapata megabaiti 11 au 12 tu. Ni sawa na kuwa na tangi kubwa juu ya mnara huku bomba linaloingia jikoni ni la nusu inchi. Ukiongeza tangi, maji ya jikoni hayaongezeki.

Kwa hiyo kwa kuhamisha video kubwa au kutazama filamu kutoka kwenye seva, HDD inatosha kabisa, na wewe hutaona tofauti. SSD inaonyesha ubavu wake kwenye mambo mengine: mafaili madogo maelfu kwa maelfu, kuwasha mfumo wenyewe wa seva, na programu za albamu zinazotafuta picha kati ya elfu hamsini. Hapo kichwa cha HDD kinakimbia huku na kule, na wewe unakaa kusubiri.

Kabla ya kulipia kasi, basi, angalia tundu la rauta yako na waya wako.

Nafasi: hesabu kwanza unachohifadhi

Watu wengi hununua kwa kukisia. Tufanye hesabu.

Sauti ya ubora wa CD isiyobanwa, ya stereo, inachukua karibu megabaiti 635 kwa saa. Terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 1,500 za sauti kama hiyo. Mtu anayetunza mahojiano, mahubiri, kaswida au nyimbo za kwaya anaweza kukaa miaka bila kuijaza.

Video ni habari nyingine. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Harusi yenye saa tano za kurekodi ni gigabaiti 225, na hiyo ni kamera moja. Harusi nne tu, terabaiti imekaribia kujaa. Kwa kaka yetu wa Chumbageni, hapa ndipo HDD inapopata heshima yake, kwa sababu bei ya SSD kwa kila terabaiti huwa juu zaidi, na pengo hilo linauma zaidi kadiri unavyohitaji nafasi kubwa.

Kuna mtego lakini. Kompyuta ndogo za ofisi nilizozitaja zina nafasi ya diski moja nyembamba ya inchi 2.5, na mara nyingi tundu moja la SSD bapa. HDD kubwa ya inchi 3.5 haiingii humo. HDD nyembamba za milimita 7 zinazoingia huishia terabaiti 2, na nyingi zinaandika data kwa mtindo unaoitwa SMR.

SMR ni kama mabati ya paa: kila mstari wa data umepanda kidogo juu ya mwenzake ili nafasi iongezeke. Kusoma hakuna shida. Lakini ukitaka kubadilisha bati la chini, lazima uinue na la juu yake, kwa hiyo kuandika upya kunakuwa kwa kusuasua. Kwa nakala inayoandikwa mara moja kwa wiki, inavumilika. Kwa seva inayoandikiwa kutwa nzima, itakuchosha. Uliza kabla ya kununua. Mtindo wa kawaida, usio na kupandana huko, unaitwa CMR.

Kifupi ni kwamba katika kisanduku kidogo kweli kweli, SSD inashinda kwa umbo lake. Ukihitaji terabaiti nyingi, tafuta kisanduku chenye nafasi za inchi 3.5.

Umeme, joto na kelele

Seva hailali. Kila wati moja unailipia saa 24.

Chukua HDD mbili za inchi 3.5 zinazozunguka muda wote, kila moja ikila wastani wa wati 6. Hizo ni wati 12, yaani uniti 8.6 kwa mwezi. SSD mbili ambazo muda mwingi hazifanyi kazi zinaweza kukaa wastani wa wati 1 kila moja, ambayo ni uniti 1.4 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 7 na kidogo kwa mwezi, kama 86 kwa mwaka. Zidisha kwa bei yako ya Luku utaona. Na kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jumlisha na kompyuta yenyewe kabla hujaamua, isije seva ikakuvusha mstari bila kutegemea.

Umeme huo unageuka joto. HDD nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 60 za sentigredi, na SSD nyingi hadi 70, lakini kukaribia huko kila siku si afya. Hapa pwani, mchana wa miezi ya joto chumba chenyewe kimevuka nyuzi 30. Ukiifungia seva kwenye kabati la TV na kuifunika kitambaa cha kudarizi, unaipika. Iweke pahala penye hewa, mbali na dirisha la jua na chumvi ya bahari, juu ya sakafu kidogo ili ikwepe vumbi na maji ya kudekia.

Kelele nayo ipo. HDD inavuma na kukwaruza kwa sauti ndogo. Mchana huisikii, ila kama seva iko chumba cha kulala, usiku utaisikia vizuri. SSD iko kimya.

Umeme ukikatika

Huyu ndiye adui tunayemfahamu sote. HDD za sasa zinatumia nguvu ya mzunguko uliobaki kurudisha kichwa mahali salama umeme unapokatika ghafla. Data iliyokuwa njiani, ambayo bado haijaandikwa, inapotea. SSD haina kichwa cha kuokoa, lakini nyingi za bei ya kawaida hazina akiba ya umeme ya kumalizia kuandika. Zikikatiziwa katikati, faili linaweza kuharibika, na mara chache hata daftari la ndani linaloonyesha kila data iko wapi linavurugika.

Kwa hiyo usidanganywe kwamba SSD haijali umeme kukatika. Zote mbili zinahitaji UPS ndogo, ya kutosha kuipa seva dakika chache ijizime kwa utaratibu. Wapo wanaotumia laptopu ya zamani kama seva, na hilo ni wazo zuri, maana betri yake ni UPS tayari, ilimradi betri hiyo haijavimba.

Ipi inakufa haraka?

Msikilizaji mwingine aliniandikia kwamba SSD "inaisha" kadiri unavyoiandikia. Ni kweli, lakini tupime. Watengenezaji wengi wanaipa SSD ya terabaiti 1 kiwango cha kati ya terabaiti 300 na 600 za kuandika. Ukiiandikia gigabaiti 50 kila siku, bila kukosa, kiwango cha 300 kitakupeleka miaka zaidi ya 16. Kwa familia ya kawaida, hiyo si hofu ya kukunyima usingizi.

Kuhusu HDD, kampuni ya Backblaze ya Marekani, yenye mamia ya maelfu ya diski kwenye vituo vyake, hutangaza takwimu zake hadharani. Kwa mwaka 2023, diski zake zilikufa kwa kiwango cha asilimia 1.40 kwa mwaka. Kumbuka tu kwamba zile zinakaa kwenye vyumba vyenye ubaridi, na hazisogezwi kila siku.

Tofauti kubwa ni namna zinavyokufa. HDD mara nyingi inaaga: inakuwa nzito, inagonga, sehemu mbovu zinaongezeka. Ukisikia hivyo, hamisha data siku hiyo hiyo. SSD inaweza kufanya kazi vizuri jioni na asubuhi isionekane kabisa, na fundi wa kuitoa data humo ni wa kutafuta kwa tochi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: SSD si ya kujaza na kuisahau kabatini. Chaji zinazoshika data zinavuja taratibu isipopewa umeme, na joto linaharakisha. Viwango vya kimataifa vya SSD za kawaida vinadai kwamba hata ikiwa imeshachakaa kufikia kikomo chake, ishike data angalau mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Ikiwa mpya inashika zaidi ya hapo, lakini kwa nakala ya kuweka sandukuni miaka mitano, HDD ni chaguo salama zaidi, nayo uiwashe angalau mara mbili kwa mwaka kuhakiki.

Ukifika dukani

Soko letu lina vitu vizuri na lina feki. Kuna SSD na flashi zinazojitangaza terabaiti 2 huku ndani ni gigabaiti 64. Unaiwekea mafaili, inakubali, halafu ukiyafungua ni matupu. Ijaribu kwa programu ya bure kama H2testw, inayoijaza yote na kuisoma tena, kabla hujaiamini na chochote. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize kwa nini.

Kwa diski iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke na kuifungua kwa programu ya CrystalDiskInfo. Itakuonyesha saa ilizofanya kazi na sehemu mbovu zilizobadilishwa. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuzunguka bila kupumzika. Sehemu mbovu zikiwa zimeanza, acha, hata akikupunguzia.

Basi nimsikilize nani?

Mafundi wote wawili wana haki, kila mmoja kwa mtu wake.

Kama unatunza picha za familia, nyaraka na sauti, na jumla haivuki terabaiti 2, weka SSD kwenye kompyuta ndogo. Utapata ukimya, joto kidogo na Luku itatulia.

Kama kazi yako ni video, kama kaka yetu, weka zote mbili. SSD ndogo ibebe mfumo wa seva na harusi unayoihariri wiki hii. Ikikamilika, ihamie kwenye HDD kubwa ya CMR ya inchi 3.5. Hivyo unalipia kasi pale inapohitajika, na nafasi pale inapohitajika.

Na vyovyote utakavyochagua, bajeti ya diski ya pili itoke siku hiyo hiyo. Kama fedha haitoshi kwa SSD kubwa moja na nakala yake, nunua HDD mbili. Diski mbili za kawaida kwenye nyumba mbili ni salama kuliko moja ya kifahari.

Nasema nyumba mbili kwa makusudi. Visanduku vingi vinaweza kuandika kitu kile kile kwenye diski mbili kwa pamoja, moja ikiwa kioo cha nyingine. Hilo linakulinda diski moja ikifa. Halikulindi mtoto akifuta folda, maana inafutika kwenye zote mbili. Halikulindi na mwizi, radi, moto wala kirusi. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni rahisi inayofaa kukaririwa: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani.

Nimemaliza hadithi ya babu nusu tu. Wiki mbili baada ya diski kufa, mwenzangu wa studio alikuwa anasafisha flashi yake ya zamani, akakuta kipande cha dakika 12 nilichokihariri kwa ajili ya kipindi cha Mei Mosi. Alikinakili siku ile ili akicheze hewani, akasahau kukifuta. Ilikuwa flashi ya bei rahisi kabisa, ya gigabaiti 8, kofia yake imepotea. Ndiyo iliyobaki na sauti ya babu.

Leo dakika hizo 12 ziko kwenye SSD ya seva yangu nyumbani, kwenye HDD ninayoichomeka kila Jumapili na kuichomoa, na kwenye diski nyingine iliyo kwa dada yangu Muheza, ambayo tunabadilishana kila ninapokwenda kumsalimu. Saa mbili na dakika 18 nyingine sitazisikia tena.

Jioni hii, kabla hujaenda kuuliza bei ya diski, tafuta faili moja ambalo ungelia ukilikosa. Hesabu liko sehemu ngapi. Kama jibu ni moja, anza na hilo.